Lita Tatu na Nusu Mpaka kwa Mama Vitalia

Sijawahi kuiba hata mchicha, lakini Bwana Swalehe aliniita mwizi wa petroli kwenye baraza la duka lake, mbele ya watu wanane.

Ilikuwa miaka ile ushirika ulipoacha kuwa mnunuzi pekee wa mazao na kila mwenye duka Mbinga akageuka mnunuzi. Bwana Swalehe alinunua usipa, dagaa wa ziwa letu, na mimi Kunigunda ndiye niliyeshuka Mbamba Bay kwa pikipiki yake na kupanda na gunia. Kwa safari nzima alinipimia lita tatu na nusu. Sasa mtu alikuwa amemwambia ameniona katikati ya mlima, kwa Mama Vitalia mwenye nyumba ya konani, nikiwa na kidumu cha petroli. Basi, akasema, nauza.

"Nauza? Naongeza ya kwangu!" nikamwambia. "Unayonipimia hainifikishi."

Akacheka. "Dada, nani anamnunulia tajiri petroli? Nilikwenda mwenyewe. Mpaka Mbamba Bay ilikunywa lita moja na nusu. Kurudi ni njia ileile, moja na nusu. Hiyo nusu nakuongezea kwa huruma."

"Na wewe ulirudi na nini?"

"Na lori. Mgongo uliniuma, pikipiki tukaipakia juu."

Watu wakaguna. Kushuka kule unazima injini, unateleza tu. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, lakini hawakupita njia yetu na gunia. Hata hivyo akanyoosha mkono kudai funguo. Nikazifumbata. Miezi yote nilikuwa nimenyamaza ili nisipoteze kazi, maana pikipiki ile ndiyo iliyowalisha wanangu. Lakini jina langu ni moja tu, nikapandwa na hasira.

"Kesho tunakwenda wote, kwa lita zako. Kurudi, gunia ni wewe. Tukipita kwa Mama Vitalia bila kuzimika, chukua funguo, na Jumapili nitasimama kanisani niseme mimi ni mwizi."

Tukashuka. Mbamba Bay akachovya kijiti tangini, akakuta zimebaki lita mbili, akanitazama kama hakimu. Nikageuza pikipiki. Kwenye mlima moshi wa buluu ukatufunika. Gia ya pili, gia ya kwanza, Bwana Swalehe kang'ang'ania keria nyuma yangu. Kwenye kona ya Mama Vitalia injini ikakohoa, ikazima.

Mama Vitalia akatoka na kidumu bila kuitwa, kama alivyozoea. "Kunigunda, leo una mgeni?"

Bwana Swalehe akakiwahi kidumu. Nikamwahi yeye.

"Hii ni yangu. Ya kwako imeishia hapa." Nikakitikisa; ilikuwamo lita moja. "Peke yangu nafika Mbinga. Na wewe juu, sifiki. Lakini kwa hesabu yako tunafika wote. Haya, unapanda?"

Akatazama mlima. Akatazama kidumu.

"Nenda," akasema. "Haitoshi."

"Na mwizi je?"

"Hakuna mwizi, dada." Akasema kwa sauti ndogo, Mama Vitalia akatega sikio.

"Jana sauti yako ilifika sokoni. Maneno hayo utayarudia barazani kwa sauti ileile."

Nikamimina, nikawasha, nikamwacha amesimama kwenye vumbi. Nilipofika dukani, wale wa jana walikuwa wamekaa palepale.

"Bwana yuko wapi?"

"Anakuja kwa miguu," nikasema, nikaning'iniza funguo shingoni. "Msiondoke. Ana neno nanyi."