Neno Nililolimeza Mbele ya Mkwe

Mwanga wa Januari huku Annandale, Marekani, hauna joto, Adela. Unaingia dirishani mweupe kama maji ya mchele, unalala sakafuni, unang'aa, unateleza. Nautazama kutoka kitandani, nao unanyata, unanyata, unaelekea mlango wa bafu.

Kesho ni zamu yangu ya kuoga. Na karatasi ya wauguzi inasema naoga peke yangu.

Wewe ulikuwa umelazwa, mwanangu, mgongo wako unangoja kisu, mgongo uliochakaa kwa kuninyanyua miaka minne. Siku kumi tu, ulisema. Mama akae kwa watu siku kumi, nami nipone. Basi aliyenileta hapa, kwenye nyumba hii ya kutunza wazee, ni mumeo.

Clement alikaa kiti cha mbali, kofia magotini, macho chini, mkwe aliyelelewa akaleleka. Muuguzi akauliza kwa Kiingereza, Clement anitafsirie. Clement akazunguka, akazunguka: "Mama, wanataka kujua kama… huko ndani, mambo ni salama?"

Ningesema nini? Mbele ya mume wa binti yangu mimi sina mwili. Nina kitenge, nina kilemba, nina salamu. Nikasema, salama.

Anaanguka? Hapana. Anahitaji mtu bafuni? Hapana. Ana kizunguzungu? Hilo hata hakuniuliza. Alinionea haya, akajibu mwenyewe. Kalamu ya muuguzi ikakwaruza karatasini, hapana, hapana, kama kuku anayeparua kaburi jipya.

Na wewe unajua. Wewe tu. Maji ya moto yakinishuka mgongoni, dunia huzimika. Mara mbili umenidaka, taulo begani, nimekulemea mikononi kama gunia la maharage.

Jana bibi wa chumba cha jirani aliingia bafuni akiimba. Wimbo ukakatika katikati. Viatu vya wauguzi vikakimbia. Leo kitanda chake kimetandikwa, shuka limenyooka, na hakuna anayesema kitu.

Kasoki, mama wa Butembo kule Kongo, anayefagia hapa na kuniita Koko, yaani bibi, aliona uji wangu umeganda.

"Koko, uko unaogopa nini?"

Yeye si mkwe. Nikamwambia yote. Akaegemeza fagio ukutani.

"Koko, wewe unaficha haya. Ile sakafu haina haya. Inakula watu."

Akamwita muuguzi. Lakini mfagiaji haruhusiwi kutafsiri habari za mgonjwa, ndiyo sheria yao. Lazima zitoke kwa familia. Muuguzi akapiga simu kwenu Temple Hills, na wewe bado uko hospitali, usingizi wa dawa umekufunika. Nilijua ni nani angepokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Kisha: "Mama, uko salama?"

Neno lilikuwa tayari ulimini, Adela. Salama. Linajua njia, linapita lenyewe. Nikaling'ata.

"Siko salama. Geuza uso, baba, ijapokuwa hunioni. Nitasema mara moja tu."

Nikasema. Maji ya moto, giza, kuanguka nikiwa uchi. Kila neno nililivua kama nguo, nikaliweka chini, nikavua jingine, hadi nikabaki sina la kujisitiri. Nikafikiri, nimeokoa mifupa, nimempoteza mkwe.

"Nimesikia, mama." Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya aliyefiwa. "Nisamehe. Mpe muuguzi simu."

Kiingereza chake kikaanza, polepole, kikikwama. Muuguzi akafungua faili, akakata hapana ya kwanza. Akakata ya pili. Kwa ile ya tatu alinitazama kwanza, kisha akaikata.

Ukizinduka, mwanangu, usimuulize mumeo kwa nini simu yangu hataipokea tena, kwa nini ataniletea chai kupitia mikono ya watoto. Mwache. Haya ikishavuliwa haivaliki siku moja.

Mwanga umeshaingia bafuni. Umejilaza juu ya vigae, mweupe, mvumilivu, ukingo kwa ukingo. Haya, mwanga, lala hapo. Kesho nitakuja na mtu amenishika mkono, na nitakukanyaga.