Kompyuta ya Kinyozi

Watu husema kinyozi hajinyoi. Huyu wetu alijinyoa vizuri tu, kidevu chake kilikuwa safi kila asubuhi. Kilichomshinda ni kompyuta. Ilikaa chini ya meza ya saluni yake, nyuma ya pazia, sanduku jeusi lenye taa za rangi usoni, la wale wanaocheza magemu mazito. Aliinunua kwa mteja aliyekuwa anahama, akaambiwa hii si kompyuta, hii ni mnyama. Mwanzoni ilikuwa mnyama kweli. Sasa ilikuwa kobe, tena kobe anayezimia njiani.

Na wewe usimcheke, eti mtu mzima na gemu. Dada yake mkubwa, mwenye saluni ya akina mama upande wa pili wa ukuta wa mbao, alikuwa ameshamcheka kwa niaba yetu sote. "Mvi zimekuota kidevuni, na bado unajenga nyumba za kwenye skrini," alimwambia. "Ya kulala utaijenga lini?" Kinyozi aliendelea kunyoa. Alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilikuwa na umri wa miaka minane na pengo mbele ya mdomo.

Alikuwa binti yake. Yeye na mkewe waliachana bila kelele, mtoto akaenda na mama yake mji wa mbali. Baba alimpa jina la utani, Chiriku, kwa sababu tangu ajue kusema hakujua kunyamaza. Ila kwenye simu Chiriku huyohuyo alikuwa bubu. Shule vipi? Nzuri. Umekula nini? Chakula. Halafu simu inarudi kwa mama. Mpaka siku moja mtoto akamwambia kuna gemu la kujenga, kila mtu anaingia akiwa kwao, mnajenga pamoja huku mnaongea. Waliingia, na weee, mtoto akafunguka. Huku anapanga matofali alimsimulia baba yake habari za mwalimu anayepiga chafya akiandika ubaoni, habari za rafiki aliyemnunia, habari za paka wa jirani. Ikawa desturi yao, kila Jumamosi saa kumi, kwa saa nzima. Hakuna kitu katika wiki ya kinyozi kilichofika hata nusu ya saa hiyo.

Na saa hiyo ndiyo kompyuta iliyokuwa ikiitafuna. Ilianza kwa uvivu, mtu wake kwenye gemu anainua mguu leo anautua kesho. Kisha picha inaganda. Kisha giza, halafu inajiwasha upya yenyewe, haina hata aibu. Mpaka aingie tena, muda wa mtoto umekwisha. Jumamosi iliyopita, katikati ya kupandisha ukuta, Chiriku alimuuliza kwa sauti ndogo, "Baba, huwa unaondoka mwenyewe?" Kinyozi akafumbua mdomo amjibu, na skrini ikawa nyeusi.

Jioni yake mama yake Chiriku akamtumia ujumbe. Si mwanamke wa maneno makali. Aliandika, "Ikikatika tena Jumamosi ijayo tuache kabisa. Analia, halafu anasema halii." Kinyozi aliusoma ujumbe ule akiwa amesimama, akakaa, akausoma tena. Hakumlaumu mama wa watu. Angekuwa yeye angeandika hayohayo.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Jumapili alimwita fundi wa kompyuta, mteja wake wa siku nyingi ambaye mtaa mzima humwita Bisibisi. Bisibisi aliangalia, akaguna. "Imezeeka hii. Tafuta nyingine."

"Sijakuita unizikie," kinyozi alisema. "Nifundishe kutafuta ugonjwa."

Bisibisi akacheka, akakaa kwenye kiti anyolewe, na kichwa chake kikiwa chini ya mashine akatoa somo. "Sheria ni moja tu. Gusa kitu kimoja, kisha jaribu. Ukigusa viwili kwa mpigo, ikipona hujui dawa ilikuwa ipi, na ikifa hujui umeiua na nini."

Basi akaanza. Aliondoa programu zote zilizokuwa zinajiwasha zenyewe bila kuitwa. Akajaribu: kobe yuleyule. Kwenye gemu kuna mahali pa kuchagua unataka kuona umbali gani, na hapo alikuwa ameshapunguza zamani mpaka mwisho ili mashine ipumue, kiasi kwamba hatua chache mbele yake dunia yote ilikuwa ukungu. Hapakuwa na cha kupunguza tena. Akachomoa kadi za kumbukumbu, akarudisha moja, akajaribu, akaitoa akaweka ya pili. Zote zilikuwa nzima. Wateja walikuja wakamkuta amepiga magoti chini ya meza, makalio nje, wakamuuliza kama amepoteza hela. Alinyoa, akarudi chini. Hasira zilimpanda, akazishusha, akaendelea.

Jumatano aliamua kuifungua feni ya ndani kabisa, ile inayopoza moyo wa mashine. Akamulika kwa tochi ya simu, akabaki ameduwaa. Feni haikuonekana. Kilichoonekana ni nywele. Nywele nyeusi, nyeupe, ngumu, laini, zimeshikamana na poda ya watoto anayowapaka wateja shingoni, zimekuwa zulia. Kila kichwa alichonyoa humo ndani kilikuwa kimeacha mchango wake. Na yeye kila siku alikuwa akilipangusa lile sanduku kwa nje, likang'aa, akajiona msafi.

"Kumbe inataka kunyolewa," alisema peke yake, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka.

Akaichambua kwa brashi ya shingo na kibano, kidogo kidogo. Bisibisi akamletea dawa nyeupe ya kupaka kati ya moyo wa mashine na chuma chake cha kupozea. Ilipowashwa haikutoa hata mlio. Mtu wake kwenye gemu alikimbia, akaruka, akapanda ngazi. Alhamisi ikatulia, Ijumaa ikatulia. Kinyozi akalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Jumamosi mchana, alipokuwa anaijaribu kwa mara ya mwisho, ikazima.

Nisikufiche, alitaka kulia. Alikaa ameshika kichwa, akasema moyoni basi, imeshindikana. Lakini sheria ya Bisibisi ilikuwa imemkaa akilini: ni kitu gani kimoja kilichobadilika? Jana ilikuwa nzima. Jana na leo zina tofauti gani? Akaiwasha tena, akaingia kwenye gemu, na safari hii hakuangalia skrini. Alisikiliza. Upande wa pili akina mama walikuwa wanapiga soga. Kiti kikasogezwa. Dada yake akasema, "Inamisha kichwa kidogo mpenzi," kisha draya ikanguruma, na kompyuta ikazima papo hapo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Jengo zima lilikuwa na soketi moja ya ukutani, na kutoka pale ekstensheni moja ililisha saluni zote mbili. Katikati ya wiki dada alikuwa na kazi za kusuka. Jumamosi ndiyo siku ya kuosha na kukausha. Draya ilipovuta, ilivuta umeme wote, na sanduku la kinyozi likabaki halina cha kunywa.

Akaenda upande wa pili. Palikuwa na mteja chini ya draya, kichwa kimejaa rola, na wengine wawili wakingoja zamu.

"Dada, naomba saa kumi uizime hiyo draya. Saa moja tu."

Dada akamtazama kuanzia miguuni. "Jumamosi? Niwakaushe kwa mdomo?"

"Jumatatu fundi umeme atanivutia waya wangu. Leo ndiyo nakuomba."

"Kwa ajili ya gemu."

Kinyozi akajikaza, lakini sauti ilimsaliti. "Aliniuliza kama huwa naondoka mwenyewe," alisema. "Chiriku. Aliniuliza hivyo, na mashine ikazima kabla sijamjibu."

Dada akashusha kitana. Halafu akamgeukia yule wa rola. "Shoga, leo utapoa kwanza. Nitakupaka na rangi ya kucha bure, nisamehe." Akaichomoa draya kabisa, akauweka waya mapajani mwake kama mtu aliyepakata mtoto. "Nenda. Na umsalimie."

Saa kumi Chiriku akaingia. "Baba, upo?"

"Nipo. Na lile swali lako nakujibu kabla ya yote. Siondoki mwenyewe. Sijawahi. Ni mashine ilikuwa mgonjwa, na nimeitibu."

"Sawa," alisema Chiriku, kisha baada ya kidogo, "mbona leo unakimbia?"

Wakajenga. Mtoto akasimulia paka alivyozaa ndani ya kikapu cha nguo. Mashine ilikuwa nyepesi mpaka kinyozi akapata ujasiri, akaenda kule kwenye mipangilio akarudisha macho yake yaone mbali. Ukungu ukaondoka. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na kilima ambacho hakuwahi kukijua, na kilima chote, na daraja, na ukingo wa mto, vilikuwa na taa, moja hapa, moja pale, bila mpangilio.

"Hizi taa ni za nini?"

"Ni wewe," Chiriku alisema. "Kila mahali ulipopotelea naweka taa. Mama alisema labda kwenu umeme umekatika. Nikaona usije ukarudi ukakuta giza. Kwani ulikuwa huzioni?"

Kinyozi akajifuta macho kwa taulo la wateja. "Nilikuwa sizioni, mwanangu. Leo ndiyo naziona."

Saa ikaisha. Kwa mbali alimsikia mama wa mtoto akimwita. "Baba," Chiriku alisema, na alikuwa anacheka, "leo mimi ndiyo naondoka. Wewe baki." Akatoweka pale mlangoni mwa nyumba yao ya kwenye skrini.

Dada akagonga ukuta wa mbao. "Niwashe? Mtu wangu anapiga chafya huku."

"Ngoja kidogo."

Akachukua taa, akaiweka pale mlangoni Chiriku alipokuwa amesimama. Akaitazama kama imekaa sawa.

"Haya dada, washa."

Draya ikanguruma, kompyuta ikazima, na kinyozi akainuka kumwita mteja aliyefuata.