Kiti cha Shingo

Damaris aliifungua leso juu ya meza ya kazi, na Menza akaiona shingo ya gitaa kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa. Ilikuwa imelala pale bila nyuzi, ubao wake umeng'aa mahali ambapo vidole vya mumewe, Kaingu, vilipita na kurudi. Menza hakuigusa. Alifuta mikono kwa kitambaa, kisha akaifuta tena.

"Pole, mama."

"Nishapoa, shemeji."

Kaingu alikuwa amefariki Jumatatu, na kesho angezikwa kwao Magarini. Gari la kuwapeleka wafiwa lingeondoka Malindi alasiri ya leo. Kabla ya kukata roho alikuwa ameomba jambo moja: Menza ampigie gitaa lao kaburini.

"Nikamwuliza, gitaa gani, nawe una shingo tupu?" Damaris akasema. "Akaniambia, nenda kwa Menza, mwili utaukuta kama nilivyouacha. Yule hawezi kuugusa."

Na kweli mwili wa gitaa ulikuwapo, umetundikwa ukutani nyuma ya redio zilizofumuliwa. Okoth, mtengeneza simu waliyegawana naye kibaraza, aliuona kila asubuhi, na kwa miaka kadhaa salamu yake ilikuwa moja: "Fundi, mke hajarudi?" Leo alikuwa ameinamia simu zake.

Gitaa hilo walilinunua pamoja, nusu kwa nusu, kwa mzee mmoja Mtaliano aliyekuwa akifunga virago. Walilipiga miaka sita katika mahoteli ya Malindi, huyu akiliacha usiku, yule akilichukua kesho. Halafu Kaingu akapata bendi Mtwapa, na Menza akakataa kumwacha mamaye mgonjwa. Walirushiana maneno uani kwa hoteli, mbele ya wapishi. Shingo ya gitaa lile haikuunganishwa kwa gundi. Ilishikwa na skrubu nne, nazo Kaingu alizifungua moja baada ya nyingine. Alichukua shingo na skrubu mbili, akamwachia mwenziwe mwili na mbili. Siku tukikumbukana, alisema, tutaliunga.

Menza aliyaweka maneno yale kama mtu anavyoweka hati ya shamba. Skrubu zake mbili alizitia katika kopo la mafuta ya cherehani zisiliwe na chumvi ya hewa. Kiti, yaani ule mchongo mwilini ambamo shingo hukaa, alikijaza kitambaa safi na kukibadilisha kila masika. Wakati mmoja mpiga gitaa wa kanisa alimletea shingo mpya kutoka Mombasa. Ingeingia katika mwili ule, kama kiti kingekwanguliwa kidogo tu kwa patasi. Menza akairudisha. Tangu siku ile ya hoteli hakuwa amepiga gitaa, lake wala la mtu. Alitengeneza ya wengine, akayajaribu kwa sauti mbili tatu, akayarudisha.

Sasa aliushusha mwili, akatoa kitambaa, akaiingiza shingo mahali pake.

Alingoja ule mlio mdogo alioukumbuka, wa mbao mbili zinazojuana. Zamani walikuwa wakiingiza shingo bila skrubu hata moja, wakalinyanyua gitaa lote kwa kuishika, na mwili usianguke. Safari hii shingo ilicheza kama jino bovu. Upande mmoja ulibaki mwanya ambamo ukucha wake ulizama.

Akaichomoa na kuigeuza kwenye mwanga. Kitako chake, sehemu inayoingia kwenye kiti, kilikuwa kimepigwa tupa, mbavuni na chini, kwa mshazari, na mtu mwenye haraka. Matundu manne ya asili yalikuwa yamezibwa kwa njiti za kiberiti, na mbao imepasuka kuyazunguka. Isingeshika skrubu tena. Kando yake yalitobolewa manne mapya, kufuata mwili mwingine.

Akauliza, "Hii aliikata lini?"

"Kukatwa ni ule mwaka tuliohama. Bendi ilikuwa na gitaa lililovunjika shingo." Damaris alifikiri, akitaka kumjibu kwa ukamilifu. "Mwezi wa kwanza tu. Hatujapata hata nyumba."

"Mwezi wa kwanza."

"Kwani ni vibaya, shemeji?"

Menza alisema hapana, mbao hukatwa. Sauti yake ilikuwa tulivu, na Okoth akainua kichwa kumtazama.

Kazi ya haki ingekuwa kukijenga kitako upya kwa kipande cha mbao na gundi, na gundi hutaka siku nzima kukauka. Hakuwa na siku. Alichonga kibanzi chembamba, akakichomeka kwenye mwanya. Akaweka kingine chini, kusawazisha mshazari. Kisha akachukua keekee. Ili skrubu zifikie matundu mapya ya shingo, ilibidi mwili utobolewe, mwili ambao kwa miaka tisa hakuuruhusu hata mkwaruzo. Aliushikilia kwa goti. Unga wa mbao ulitoka mweupe, ukanukia kama siku waliyolinunua.

Alikaza skrubu nne mpya, akafunga nyuzi sita, akaliinua gitaa jichoni na kulitazama toka mwanzo hadi mwisho. Nyuzi nene zilifuata njia yao. Ule mwembamba wa mwisho ulikwenda ukiacha ubao, na alipoubonyeza ulichurupuka ukingoni. Akalegeza, akaivuta shingo upande wa pili, akakaza tena. Nyuzi zilipokazwa, vibanzi vikasalimu amri, na shingo ikarudi kulekule ilikotaka.

"Imekaa?" Damaris akauliza. Alikuwa amekwishasimama, leso mkononi.

"Imekaa."

"Yeye alijua tu kwamba utamngojea."

Menza alipangusa unga wa mbao gotini. Aliahidi kuwafuata kwenye gari, akamsindikiza kwa macho hadi alipopinda kona. Kisha akaufungua uzi ule mwembamba uliokuwa ukichurupuka, akauviringa vizuri kwenye vidole viwili, na kufungua kopo. Zile skrubu mbili zilikuwa chini ya mafuta, hazina kutu hata chembe. Akauweka uzi juu yazo, akafunga, akakaa na gitaa la nyuzi tano pajani, akingoja saa ya gari.