Udongo Uliokwenda Kiwalani

Mgeni rasmi alivuta ua moja ili amwoneshe mkewe, likatoka lote mkononi mwake: kijiti kitupu kilichokatwa kwa panga, hakina hata mzizi mmoja. Akakitazama. Nikasema moyoni, haya, leo wataumbuka mbele ya kamera. Mgeni rasmi akacheka, akakichomeka tena pale pale alipokitoa, akajifuta vidole kwa kitambaa alichopewa na msaidizi wake, na watu wakapiga makofi. Mshereheshaji akatangaza kwamba mheshimiwa amepanda ua kwa mkono wake mwenyewe. Nilitazama huku na huku nikitafuta mtu mmoja tu mwenye aibu usoni, sikumpata.

Siku ile ilikuwa ya kuzindua bustani yenye ukuta ya Chang'ombe, ambayo bango la getini lilisema imerejeshwa katika uhalisia wake. Uhalisia gani? Maua yale yalikatwa alfajiri kwenye kingo za barabara na nyua za watu, yakachomekwa kwenye udongo mwekundu wa kununua, yakamwagiwa maji ili yavumilie mpaka utepe ukatwe. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Huyu mgeni alikuja, na mwenyeji alikuwa ameshazolewa na kijiko cha tingatinga.

Mwenyeji ninayemsema ni kazi ya baba yangu.

Baba aliitwa Gervas. Alitoka Songea angali kijana, akaajiriwa kutunza bustani ile wakati ilipokuwa mali ya shirika fulani la umma. Ukuta wake wa mawe ulijengwa zamani na tajiri mmoja wa mkonge. Shirika liliurithi pamoja na mapambo yake yote, na wakubwa walifanyia humo dhifa zao. Sisi watoto wa wafanyakazi hatukuruhusiwa kuvuka geti. Nilikuwa nikimpelekea baba chakula cha mchana, mlinzi ananipokea bakuli kupitia upenyo wa geti, ananiambia nirudi nyumbani. Nilichokijua cha ndani kilikuwa harufu ya majani yaliyokatwa, basi.

Jioni baba alitusimulia. Kila tuta la maua alilizungushia ua dogo la rangi ya waridi linaloota kutoka kitunguu kilichozikwa ardhini, aliloliita ua la mvua. Mwaka mzima halionekani. Ikinyesha mvua ya kwanza tu, asubuhi yake yote yanachomoza kwa pamoja, na unayaona matuta yalivyopangwa, duara, nyota na mwezi, kana kwamba kuna mtu aliyeyachora usiku. Baada ya siku chache yamekwisha. Mama alimcheka, akasema anayasifia hayo maua kuliko wanawe. Baba hakubisha.

Asiyekuwepo na lake halipo. Shirika lilikufa, bustani ikafungwa, ikageuzwa jalala la magari mabovu, na baba akafariki bila kuacha hata picha moja ya kazi aliyoifanya karibu maisha yake yote. Hakujenga nyumba mjini wala hakununua shamba. Alipanda maua nyuma ya ukuta wa watu. Kwa hiyo miaka mingi baadaye, mimi nikiwa mpima na mtengeneza bustani, niliposikia kuna taasisi imepewa eneo lile ilirudishe lilivyokuwa, nilikwenda mwenyewe kuomba kazi. Sikumwambia mtu sababu.

Tulipoondoa vyuma, ardhi ilikuwa ngumu, imeloa oili, haina dalili yoyote ya tuta. Nilivuta kamba kutoka pembe za ukuta, nikawa nachoma udongo kwa nondo hatua kwa hatua. Palipokuwa njia, nondo iligoma. Palipokuwa tuta, ilizama, kwa sababu udongo uliowahi kulimwa hausahau upesi. Siku moja nondo iliingia laini, nikachimba kwa mkono nijue ni kwa nini. Nikatoa kitunguu cheusi, kidogo kuliko kitunguu saumu, kimelala. Pembeni yake kulikuwa na kingine, halafu kingine, vimejipanga mstari. Nilikaa chini palepale na vumbi langu, nikalia. Nilikuwa nimeshika kitu ambacho mkono wa mwisho kukigusa ulikuwa wa baba.

Nilimwita mkurugenzi wetu, Valerian, nikamweleza kwamba hatuna haja ya kubahatisha ramani. Tusubiri vuli. Mvua ya kwanza ikinyesha, maua yatachomoza yenyewe yatuoneshe kila tuta lilipokuwa, nami nitapiga vigingi nyuma yake. Valerian alifurahi. Alikiweka kitunguu kiganjani akapigwa picha, akaitupia mtandaoni na maneno matamu kuhusu urithi wa taifa.

Kisha akapata mgeni rasmi, na nafasi ya mgeni ilikuwa kabla ya vuli.

"Dada Recho," aliniambia ofisini, sauti ya upole kama ya mtu anayembembeleza mgonjwa, "mvua haina ratiba. Mheshimiwa ana ratiba. Tutazoa huu udongo wa oili, tuweke mwingine mpya."

"Bosi, tukichimbua sasa hivi tunaua kila kitu. Hapatakuwa na cha kurejesha."

"Utatuchorea matuta mazuri tu. Wewe si mtaalamu? Nani anajua yalikuwaje?"

"Mie najua."

"Unajua wewe," alisema. "Mgeni hajui."

Nilitoka nikiamini kwamba bado tutazungumza. Kesho yake nilifika getini nikakuta ngurumo imenitangulia. Kijiko kilikuwa ndani, kimeshakula upande wote wa mashariki, na malori yamepanga foleni. Nilikimbia nikasimama mbele ya meno yake. Sikuwa na mpango wowote; miguu ndiyo iliyonipeleka. Dereva, kijana aliyeitwa Mudathir, alizima injini akachungulia.

"Sista, utaniponza. Mie nimetumwa tu."

"Na mimi nakuomba tu."

Alinitazama kidogo, akateremka, akaenda kwa mama ntilie wa nje ya geti akaagiza chai na chapati, akainywa taratibu kuliko chai yoyote niliyowahi kuona ikinywewa. Nilipiga magoti nikachimbua kwa vidole. Kila nilipogusa, udongo ulikuwa umeshavurugwa, umechanganyika na vioo na mabati, na vile vitunguu vidogo vyeusi huwezi kuvitofautisha na kokoto. Valerian akafika na gari lake, akasema maneno ya chini kwa Mudathir, na injini ikawaka tena. Mudathir aliponipita aliinama dirishani.

"Kifusi kinamwagwa Kiwalani," alisema. "Wanajazia vichochoro, maji yasiwaingie ndani."

Nilipaswa kuacha kazi siku ile. Sikuacha. Nilikuwa na watoto shuleni, na hasira hailipi ada. Nilichora duara, nyota na mwezi juu ya udongo mwekundu, nikasimama mwisho wa mstari siku ya uzinduzi, nikaona niliyoyaona.

Vijiti vile vilikauka kabla ya wiki kwisha. Matuta yakabaki mekundu na makavu, ukipita utadhani makaburi mapya. Maharusi waliolipia kupiga picha wakaanza kudai pesa zao. Halafu vuli ikanyesha, mvua ya usiku mmoja yenye kishindo, na asubuhi yake simu za watu zikajaa video ya kichochoro huko Kiwalani kilichogeuka rangi ya waridi. Valerian alinipigia kabla sijanywa chai.

"Dada Recho, yale maua yetu yameonekana," alisema. "Chukua vijana, chukua magunia na gari. Kayalete nyumbani."

Yetu. Nyumbani. Nilikata simu. Lakini nilikwenda, na sitadanganya kwamba nilikwenda kwa ajili yake. Nilitaka maua ya baba yangu, na magunia nilibeba mimi.

Sikuwa nimewahi kuyaona. Naomba hili lieleweke. Nilisimuliwa tangu utoto, nilishika kitunguu chake, nikagombana kwa ajili yake, na bado sikuwahi kuliona ua lenyewe mpaka nilipokata kona ile yenye tope. Yalikuwa kila mahali, hayana mstari wala nyota. Yalichomoza kando ya mtaro, chini ya kamba za nguo, nyuma ya vyoo, katikati ya njia ambako waendesha bodaboda walikuwa wakiyakwepa bila kuambiwa na mtu. Wale vijana niliokuja nao walianza kucheka kwa mshangao, kisha wakaanza kuangalia wanapokanyaga.

Mlangoni pa nyumba moja yalikuwa mengi zaidi. Mama wa makamo alikuwa amechutama na vipande vya tofali, akiyazungushia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu."

Jina lake Mwanakombo. Nilimweleza tumetoka kwenye mradi wa bustani, kwamba maua yale yaliletwa na kifusi kwa bahati mbaya, na kwamba tumekuja kuyachukua. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusimama. Akayatazama magunia.

"Sie tulipoletewa huu udongo tuliambiwa ni uchafu," alisema. "Ulikuwa na vioo. Mjukuu wangu alijikata mguuni. Hakuna aliyekuja na gari kusema jamani, kuna kitu chetu humo. Leo uchafu umechanua, ndiyo mnakuja na magunia."

"Mama, ni maua ya baba yangu." Ilinitoka tu. "Aliyapanda yeye. Alikuwa mtunza bustani pale."

Hapo alisimama. Alinitazama sana, tofauti na mara ya kwanza.

"Yuko wapi baba?"

"Ametangulia."

"Pole mwanangu." Akafuta mikono kwenye khanga. "Na huko mnakotaka kuyapeleka, nikija mie kuyaona, nitaingia?"

Nilifikiria kiingilio, bei ya picha, mlinzi mpya aliyevaa sare. Nilifikiria upenyo wa geti na bakuli. Nikayaweka magunia chini.

"Kuyachimba, hapana," alisema Mwanakombo, bila ukali. Akaingia ndani, akatoka na stuli ya plastiki, akaiweka pembeni ya mlango ambapo mtu akikaa anaona kichochoro chote. "Kuyaangalia, kaa. Kaa mpaka uchoke."

Niliwaambia vijana warudishe magunia garini. Nikakaa. Simu ikalia, alikuwa Valerian.

"Umeyaona? Yapo?"

"Yapo," nilimwambia. "Yana wenyewe."