Fumbueni kwa Tatu

Mama mkwe hana picha hata moja yenye macho. Kwenye kitambulisho amefumba. Kwenye harusi yetu amefumba. Hata ile ya mwisho na marehemu baba mkwe, baba anacheka na yeye kama amesinzia begani kwake. Fremu moja, pale sebuleni chini ya saa, ameiacha tupu miaka yote. Jumapili ukoo ulipokutana, watu thelathini na wawili bila kunihesabu mimi, aliiteremsha, akaniambia, "Mkwe wangu, wewe mwenye kamera. Nijazie hii."

Kamera yenyewe ni ya mtumba, na mimi ni wa kujifunza tu. Niliwapanga uwanjani nyuma ya nyumba: watoto chini, wazee vitini, warefu juu ya mabenchi ya shemeji seremala, mama katikati na fremu yake mapajani. Jua likawapiga usoni, wote wakakunja nyuso kama waliolamba ndimu. Nikakumbuka ujanja wa mwalimu wetu wa darasa la jioni, siku alipotupiga picha ya kumaliza.

"Fumbeni macho wote. Mtafumbua kwa tatu."

"Tatu yenyewe au baada ya tatu?" shemeji akauliza, tayari amefumba.

"Tatu yenyewe."

"Seremala huhesabu tatu, halafu ndiyo anapiga nyundo."

"Ndiyo maana kabati langu limepinda," wifi akamjibu.

Wakacheka. Mwanangu, aliyekuwa amepakatwa na wifi, akaangua kilio akinitaka. "Moja, mbili, nakuja mwanangu, tatu." Nikabonyeza.

"Hiyo ilikuwa tatu?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

Tulirudia mara nne, na kila mara lilizuka swali jipya, hadi mimi mwenyewe nikawa sijui nahesabu kwenda mbele au kurudi nyuma. Mwishowe wingu likafunika jua, nikapiga ya sita bila kuhesabu.

Wakajazana kuchungulia kioo cha kamera. Ya sita, wote macho yako wazi, ila mama. Nikarudi hadi ya kwanza. Wote wamefumba, hata mwanangu kwa kulia, watu thelathini na mmoja wamelala wima. Katikati yao mama, macho mawili makubwa, matulivu.

"Mama, imekuwaje?" nikamuuliza.

"Mimi huchelewa kila siku. Leo nikafumbua kwenye mbili."

"Ya fremu ni ya sita," wifi akasema. "Kwenye hiyo nyingine nimeachama mdomo." Kila mwamba ngoma huvutia kwake, wote wakamuunga mkono.

"Mama tumemzoea hivyo," shemeji akamalizia.

Mama alikuwa anaifuta fremu kwa upindo wa kanga, kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Nilisimama hapo, sijui kama nimeombwa picha ya ukoo au picha yake. Lakini fremu ilikuwa ya nani?

Nikasafisha picha ya kwanza, nikaitia kwenye fremu.

Wifi bado amenuna, na siku nyingine nadhani ana haki. Ila wageni wakisimama chini ya saa na kuuliza mbona familia nzima imelala, mama mkwe huwajibu bila haraka, "Mtu mmoja lazima abaki macho."