Namba Tisa Ambaye Hajaota Meno

"Shemeji, hili godoro halitoki," nilisema, nikalikalia.

"Litatoka. Na wewe ukiwa juu yake litatoka hivyo hivyo." Mwenyekiti wa klabu ni kaka mkubwa wa mume wangu, kwa hiyo tunatukanana kwa adabu. "Mgeni anakuja. Alale wapi, kwenye nyavu?"

"Mgeni yupi? Umemwona kwa macho?"

"Nimemfuatilia misimu miwili."

"Kwenye gemu."

"Kwenye takwimu," alinisahihisha.

Mimi ndiye mlezi wa hosteli ya klabu: vitanda, chakula, jezi, na kundi la vijana wanaoacha soksi zao kila mahali isipokuwa kwenye kapu. Godoro tulilokuwa tunagombea lilikuwa la Kijiko, namba tisa wetu, anayeitwa hivyo kwa namna anavyouchota mpira juu ya kipa. Lilikuwa limeshateremshwa mpaka chini ya ngazi. Mwenyewe alisimama kando na begi lake, ameshaambiwa ametemwa. Dirisha la usajili lilikuwa linafungwa jioni ile. Jina lake lisingepelekwa, angekaa msimu mzima bila timu, kwa kosa la kuwa na kasi tano kati ya ishirini.

Hiyo tano ilitoka kwenye laptopu ya Mwenyekiti. Ana gemu ya umeneja wa mpira ambamo hata klabu yetu imo, na tangu aijue haji tena uwanjani. Anasema uwanjani kuna vumbi na hisia. Jumapili Kijiko alifunga mawili, moja kwa kichwa. Mwenyekiti akapiga simu kutuarifu kwamba mabao yale yalikuwa kinyume na takwimu.

Ubaya ni kwamba Kijiko alianza kumwamini. Siku hizi akipigiwa pasi ndefu anaisindikiza kwa macho. Juzi jikoni, akisuuza sahani yake, aliniuliza, "Mama, kweli mimi ni tano?" Kijana huyo huyo ambaye akisikia chakula kimeiva hushuka ngazi tatu tatu.

Nilimgeukia mume wangu, ambaye ndiye kocha. "Sema neno."

Mume wangu alikuwa na filimbi mdomoni. Huwa anaiweka huko kaka yake akiwepo.

"Kocha amekubali," Mwenyekiti alisema. Akatoa jezi mpya mfukoni, namba tisa, na juu ya namba herufi kubwa: KINDA. "Ndivyo nilivyomtangaza redioni. Kinda wa maajabu."

"Na dereva uliyemtuma kumtafuta?"

"Amekaa kule kwao kijana wiki nzima. Anasema kijana ana haya, hapendi kuonekana."

Dereva alikuwa amerudi kanenepa, lakini hilo nililiacha.

Binti yangu, aliyekuwa likizo ya chuo na ambaye nilikuwa nimempa mashuka akunje, aliyaweka chini. "Baba mkubwa, naomba nimwone huyo Kinda."

Mwenyekiti aliifungua laptopu juu ya godoro, ubavuni pangu, kwa fahari ya mtu anayeonyesha picha ya mjukuu. Sura ilikuwa ya kijana yeyote. Kando yake kulikuwa na mwaka wa kuzaliwa. Niliusoma mara mbili.

"Huyu amezaliwa mwaka mmoja na kitinda mimba wangu."

"Ana miaka kumi na sita."

"Kitinda mimba wangu yuko darasa la kwanza, shemeji. Hajaota meno ya mbele."

Binti yangu alibonyeza hapa na pale. "Baba mkubwa, humu ndani umecheza mpaka umefika miaka kumi mbele. Wachezaji wa kweli wakizeeka, gemu inatunga wengine. Huyu ametungwa. Hayupo popote. Na Kijiko humu ana miaka thelathini na mitatu. Hiyo tano ni ya miguu ya uzeeni."

"Umesikia?" nilimwambia Kijiko. "Tano yako bado haijafika. Subiri zamu."

Kijiko alitazama miguu yake kama mtu aliyerudishiwa viatu. Lakini Mwenyekiti hakutikisika.

"Kompyuta inaona mbali, na mimi naona mbali. Nyinyi mnaona meno."

"Kama inaona mbali hivyo, mwenyekiti wa klabu humo ni nani?"

Binti yangu alitafuta. "Mtu mwingine, mama."

"Hilo ni kosa la kompyuta," alisema Mwenyekiti. "Inuka kwenye godoro."

Hapo nikajua kwamba ukweli hautanisaidia. Mtu akishajitangaza redioni, ukweli kwake ni maji kwenye mgongo wa bata. Nikabadilisha njia.

"Sawa. Umeshapeleka posa?"

"Posa gani?"

"Umetandika kitanda, umeshona nguo, umetangaza harusi. Mwenyewe amekubali? Humo kwenye gemu umemwomba aje kwetu?"

"Kumsajili humo kuna faida gani? Humo ni mchezo."

"Hata hivyo. Muulize. Kuuliza si ujinga."

Binti yangu aliniinamia sikioni. "Mama, atakataa. Wenye vipaji hivi huwa hawaji klabu ndogo."

"Tuma," nilimwambia.

Akatuma. Jibu halikuchelewa. Mwenyekiti alivaa miwani akalisoma kwa sauti, kwa sababu alitarajia shangwe.

"Mchezaji hana nia ya kuzungumza na klabu yenu. Anaamini hadhi yake ni kubwa kuliko klabu hii."

Alilisoma tena, safari hii midomo ikitembea bila sauti.

"Hadhi," alisema. "Klabu hii? Aliyoianzisha marehemu baba?"

"Labda hakukusudia," nilisema. "Ni mtoto."

"Mtoto gani hana adabu hivyo? Hata meno hana, anaongea habari za hadhi."

"Nimbembeleze?" binti yangu aliuliza. "Pana mahali pa kubembeleza."

"Usimbembeleze. Asikanyage hapa. Hata aje akitambaa." Aliifunga laptopu, akamgeukia Kijiko. "Wewe. Unajua kufunga?"

"Jumapili nilifunga mawili, Mzee."

"Kinyume na takwimu."

"Ndiyo, Mzee."

"Basi endelea hivyo hivyo. Fomu iko wapi?"

Fomu ya usajili nilikuwa nayo mfukoni mwa aproni tangu asubuhi, imejazwa, imebaki saini. Meza haikuwepo. Mume wangu akatoa filimbi mdomoni, akainama, na Mwenyekiti akatia saini juu ya mgongo wa mdogo wake. Kabla hajafunika kalamu, kocha alikuwa ameshatoka na fomu getini, anakimbilia ofisi ya ligi.

Mimi nilichomeka pasi ya umeme, nikaitandaza jezi juu ya ubao, nikapasha zile herufi moto na kuzibandua kwa kisu cha mezani. N, D, A. Ya kwanza na ya pili nikaziacha.

"KI?" Mwenyekiti aliuliza. "KI ndiyo nini?"

"Ndiyo mwanzo wa Kijiko. Herufi nyingine zitakuja."

Kijiko alikuwa bado amesimama na begi lake.

"Unangoja nini?" nilimwambia. "Rudisha godoro."

Alilibeba kichwani, akapanda ngazi tatu tatu. Kabla sijachomoa pasi ukutani, nilisikia mlango wa juu ukijibamiza.