Kambare wa Mchana

Mwaka wa themanini na nne, mvua ilipokataa na mahindi ya Ganda yakakaukia shambani, wanaume waliingia Mto Sabaki usiku na karabai. Miezi ya mwanzo walivuna. Taa ikimulika maji, kambare walipanda juu wakaduwaa, wakachotwa kwa nyavu. Kabibi, mjane aliyekuwa akitega migono, mitego ya kusukwa, mtoni tangu mumewe yu hai, alitazama akiendelea na kazi yake.

Kisha samaki wakaadimika. Migono aliyozoea kuitega magharibi na kuitegua alfajiri ikawa inatoka na matope matupu. Shemeji yake Simeon, mwenye karabai mbili, alirudi mikono mitupu juma zima, akasema mto umelogwa.

Kabibi hakutaka kusingizia uchawi kabla ya kutumia macho. Alishinda ukingoni siku kadhaa, hadi siku moja, jua la utosini, akaona maji yakitikisika chini ya mizizi ya mkuyu. Walikuwa kambare, samaki wa gizani tangu azali, wakila mchana kweupe. Jua lilipotua wakajichimbia. Hata mwezi ulipochomoza hawakutoka.

Kesho yake akatega adhuhuri. Alasiri mgono ulimlemea.

Hapo likamjia wazo zito. Akisema, mchana nao utaingiliwa, na samaki watakosa saa ya kupumua. Asiposema, watoto wa Simeon walikuwa wakilalia uji wa chumvi. Siku ya tatu alimpelekea Simeon samaki wawili.

"Umewapata wapi, shemeji?"

"Palepale mtoni. Ila mchana."

"Kambare hatoki mchana."

"Alikuwa hatoki. Nyinyi mmemfunza kuwa usiku una mauti, naye akafunzika."

Simeon aliwageuzageuza wale samaki. "Sasa wataka nini?"

"Uache taa. Nitakupa migono minne, tutege ukingo huu tu. Ule wa pili tuwaachie samaki."

Simeon aliacha, na jirani yake Jefwa akamfuata. Wengine waliwacheka, wakahamisha taa zao kule mto unakoingia baharini.

Masika yalipoujaza mto, samaki wachanga walianza kuingia migononi usiku, kidogo kidogo. Wakubwa hawakurudi gizani. Waliendelea kula juani, na Kabibi, kila alipowaona pale mizizini, alipunguza mwendo asiwashtue.